Chaki Kwenye Mshale Mweusi

Mshale wa kwanza uliingia kushoto. Wa pili ukaufuata kama kondoo na mwenzake. Wa tatu ulizidi hiyo kushoto yenyewe, ukakwaruza ukingo wa shabaha na kwenda kulala kwenye nyasi. Mzee aliyeipiga mishale hiyo akabaki amesimama, upinde umening'inia mkononi, akilitazama lile duara la njano katikati ya shabaha kama mtu aliyetukanwa mbele za watu.

"Ni mkono," akasema.

"Si mkono," akajibu mke wake kutoka kwenye benchi.

"Ni mkono, mke wangu. Au jicho. Mshale una kosa gani? Mshale haujui hata kama mimi nipo."

Pale uwanjani, nyuma ya ghala la matofali, walimwita Winchi. Maisha yake yote ya kazi alikaa juu kwenye kibanda cha winchi, akinyanyua makontena na kuyashusha kwa utulivu, hata wenzake wakasema ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya kontena na kisimwagike. Alipostaafu watu walidhani atalala mpaka jua limtoe kitandani. Yeye akanunua upinde. Si ule wa siku hizi wenye magurudumu na darubini, bali wa mbao, ncha zake mbili zimejikunja kwenda mbele kama midomo ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Hauna cha kulengea. Unatazama, unavuta, unaachia, basi.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Nyumbani wajukuu walimwita Bibi, na wateja nao wakaiga, mpaka mtu mzima mwenye mvi zake anakuja na suruali iliyopasuka anasema, "Bibi, nisitiri." Yeye hakupiga mishale. Kazi yake ilikuwa kubandika manyoya. Alikuwa na mkono wa kazi hiyo: gundi kidogo, unyoya ukae ulivyo, usivutwe. Asubuhi alikwenda na mumewe uwanjani, akakaa kwenye benchi na kazi ya mkononi, akipinda pindo la sketi au kushona vifungo, na kila baada ya muda akanyanyua macho.

Sasa alikuwa amenyanyua macho, na hakuyashusha.

"Jumapili mkwe wetu anakuja," Winchi akasema huku akienda kuokota mshale kwenye nyasi. "Nitampa upinde. Kijana ana mabega kama mlango wa benki, utamfaa. Mimi nishamaliza."

"Umemaliza nini?"

"Nimemaliza, tu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Hilo ndilo lililomtia Bibi baridi. Kama mzee angegomba, akatupa upinde chini, Bibi angejua ni hasira na hasira hupita. Lakini mumewe alipokuwa ameamua jambo kweli, alilisema hivyohivyo, taratibu, kama anayeshusha mzigo.

Na Bibi alijua kuna nini upande wa pili wa maneno yale. Mwaka uliopita bega la mzee lilipasuliwa. Miezi yote ile alikaa kwenye kiti karibu na friji, akitazama ukuta. Ukimwuliza chai, anasema chai. Ukimwuliza supu, anasema supu. Ukimwuliza unataka nini, anasema chochote. Mtu aliyekuwa akibishana na redio! Binti yao alikuja, akajaribu kumchekesha, akaondoka akifuta macho kwenye ngazi. Halafu daktari akasema upinde mwepesi hauna neno, tena utamsaidia. Rafiki yake seremala akamtengenezea huu mpya, na siku ulipoletwa Winchi aliinuka kwenye kile kiti mwenyewe, akaenda kunyoa ndevu. Bibi alisimama jikoni akasikiliza maji yakichuruzika bafuni kama anayesikiliza habari njema.

Kwa hiyo upinde ukitoka Jumapili, mzee anarudi kwenye kile kiti. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Wakarudi nyumbani. Winchi alibeba upinde kwenye mfuko wa kitambaa ambao Bibi alikuwa ameushona kwa mabaki ya mapazia. Mishale mipya ilikuwa kwenye podo, myeusi, ya kaboni, yenye manyoya mekundu na meupe. Ilikuwa mizuri. Ilimuudhi Bibi kwamba vitu vizuri namna ile vilikuwa vinamuumiza mtu.

*

Jioni hiyo alimpigia simu muuza pinde. Huyu walimwita Mizani, kwa sababu hakukuambia neno bila kwanza kupima kitu. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na ngozi, na ukutani mwake lilining'inia jedwali kubwa la namba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ile mishale inakwenda kushoto."

"Yote?"

"Yote. Kama imeelewana."

Mizani akafungua daftari lake. "Mzee anavutia mkono wa kulia. Mshale mgumu kupita kiasi, kwa mtu wa mkono wa kulia, unakwenda kushoto. Ulio laini kupita kiasi unakwenda kulia. Nakumbuka niliwapa namba mia sita."

"Ndiyo, mia sita. Na ukatueleza namba, lakini siku ile mzee alikuwa anaongea, sikusikia vizuri."

Mizani akacheka, akaeleza upya. Ufito wa mshale unalazwa juu ya vigingi viwili, unatundikwa uzito katikati, halafu wanapima umebonyea kiasi gani. Ukibonyea sana, namba inakuwa kubwa. Kwa hiyo mia tano ni mgumu, mia sita ni laini kuliko huo, mia saba laini zaidi.

"Na kwa nini unatakiwa kupinda?" Bibi akauliza. "Mimi ningedhani mshale mzuri ni ulionyooka."

"Unyooke ukiwa umekaa, Bibi. Ukiondoka lazima upinde. Upinde wa mzee ni wa mbao, una tumbo nene pale mshale unapopita. Mshale unasukumwa na uzi kutoka nyuma, na mbele yake kuna ubao. Inabidi ujipinde, uuzunguke ule ubao, halafu unyooke hewani. Ukiwa mgumu haujipindi, unagonga ubao na kusukumwa kushoto."

Bibi akaona. Aliona kama vile anavyoona mkono wa gauni utakavyokaa kabla hajaukata.

"Sasa tufanyeje?"

"Jaribu ncha nzito. Kichwa kikiwa kizito ufito unapinda zaidi. Njoo nikupe. Na uache mshale mmoja bila manyoya, upigwe pamoja na mingine. Manyoya yanaficha makosa. Mshale mtupu hausitiri mtu." Akasita. "Bibi, samahani. Mzee anavuta inchi ishirini na nane kweli?"

"Si ulimpima mwenyewe?"

"Nilimpima," Mizani akasema. "Nilimpima."

*

Ncha nzito zilisaidia, lakini kidogo tu. Mishale yenye manyoya ikasogea kutoka ukingoni kuja kwenye duara la buluu, bado kushoto. Ule mtupu ulikwenda kushoto kuliko yote na kujichoma kwa ubavu, mkia umeinama kulia, kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Unaona?" Winchi akasema. "Hata uchi wake unanicheka."

"Unacheka namba, haukucheki wewe."

"Namba ni sahihi. Upinde umeandikwa nguvu ya ratili arobaini ukivutwa inchi ishirini na nane. Mimi navuta inchi ishirini na nane. Jedwali linasema mia sita. Jedwali halina bega bovu, mke wangu. Mwenye bega bovu ni mimi."

Bibi moyoni alikuwa na lake. Ni yeye aliyemwambia Mizani azikate fito kwa inchi moja siku ileile ya kununua, kabla hazijapigwa hata mara moja. Zilimkera zilivyochomoza mbele ya upinde, kama uzi uliosahaulika kwenye pindo. Mizani alimwangalia akasema, tukate baadaye. Yeye akasema kata. Ufito mfupi ni mgumu kuliko mrefu, sasa alijua hilo, na kilichokatwa hakirudi. Yeye, ambaye kila mwanafunzi wa kushona aliyepita mikononi mwake alimfokea, "Mkasi uwe wa mwisho!"

Alasiri akafika mteja, mama mmoja mwenye duka la viatu, mnene wa haki, mcheshi. Alitaka gauni la harusi ya dada yake. Bibi akamzungushia utepe kiunoni, na mama yule, bila hata kujua, akavuta pumzi na kubana tumbo mpaka uso ukajaa damu.

"Pumua," Bibi akasema.

"Napumua."

"Hupumui. Utakwenda harusini ukae hivyo mpaka saa ngapi? Utakula kwa pua?"

Mama akacheka, na tumbo likarudi mahali pake. Bibi akasoma utepe. Akausoma tena, lakini sasa hakuwa akilitazama gauni.

Alikuwa ameona jambo hilohilo dukani, siku ya kununua mishale. Mizani amempa mumewe mshale mrefu mwepesi wa kupimia, wenye alama za inchi. Winchi amesimama katikati ya chumba, wateja wanamwangalia, na pale kaunta kuna msichana mmoja mpiga shabaha hodari, kaegemea na upinde wake. Mzee akatanua kifua. Akavuta. Akavuta tena kidogo, shingo imetoka mishipa, sikio limekuwa jekundu. "Ishirini na nane!" akatangaza yeye mwenyewe, kabla Mizani hajasoma.

"Alibana tumbo," Bibi akasema.

"Nani?" akauliza mama wa viatu.

"Hakuna. Mume wangu. Geuka nipime mgongo."

*

Binti yao alipita jioni akitoka kazini, akavua viatu mlangoni na kukaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, jambo alilokatazwa tangu utotoni. Winchi alikuwa amelala chumbani. Bibi akamweleza kwa sauti ya chini.

"Sasa si rahisi tu?" binti akasema. "Nunua laini, paka rangi juu ya ile namba. Baba atapiga katikati, atafurahi, yamekwisha."

"Rangi."

"Mama, si wewe uliyemshonea yule mama wa benki lebo ya saizi ndogo kwenye gauni kubwa? Alikuja kukushukuru na keki!"

Bibi akacheka, maana keki ile ilikuwa nzuri. Lakini kisha akaacha kucheka, akavuta kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Gauni halikumwuliza saizi yake. Alivaa, akaenda. Baba yako ataamini anavuta ishirini na nane. Ataona mishale inaingia, atasema bega limepona. Kesho yake atarudi kwa seremala kudai upinde mzito. Kisha?"

Binti akafikiri. Bega lingechanika tena.

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba amefupika? Bado sijui. Nadhani tu. Siwezi kumwendea na dhana."

"Mpime."

"Nikimpima atatanua kifua."

Wakatazamana, wote wawili wakaangua kicheko kilichomfanya mzee akohoe chumbani kwake na kuuliza kuna nini. "Hakuna, Baba!" binti akajibu. "Mama anasimulia gauni!"

Binti alipoondoka, Bibi alibaki na vitu vyake mezani: utepe, mkasi, na chaki ya kushonea, kile kibapa cheupe kilicholika pembeni. Akakigeuzageuza mkononi. Halafu akaenda kwenye mfuko wa mapazia, akautoa upinde, na kukitazama kile kijukwaa cha ngozi ambapo mshale hulala. Akachukua mshale mmoja mweusi, akausugua kidogo na chaki, akaona alama ilivyobaki. Kwenye weusi ule chaki ilionekana kama njia ya konokono.

*

Asubuhi ya Jumamosi, wakati Winchi alipokuwa akifunga kinga ya mkono, Bibi alipitisha chaki kwenye ile ngozi ya upinde, akaisugua ikajaa. Mzee hakuona. Alikuwa na uso wa mtu anayekuja kuaga.

"Ya mwisho mwisho hii," akasema.

"Piga tu."

Alisimama kwenye mstari. Akavuta. Bibi alisubiri mpaka mkono ukatulia chini ya taya, mpaka jicho likakaza, mpaka mtu akawa haoni kitu duniani isipokuwa duara la njano. Hapo mtu habani tumbo kwa ajili ya yeyote.

"Simama!" Bibi akapiga ukelele.

Kanuni ya uwanja ilijulikana: ukisikia neno lile, hata awe mtoto aliyelisema, unashusha upinde bila kuachia. Winchi akarudisha uzi taratibu, kwa adabu ileile ya winchi na makontena, akageuka.

"Kuna nini?"

"Paka."

"Paka yuko wapi?"

"Kapita."

"Kapita wapi? Uwanja mzima huu mtupu!"

"Alikuwa na haraka. Hebu nione huo mshale, naona kama unyoya umelegea."

Akampa. Bibi akaupeleka kwenye benchi, akageuza mgongo, akautazama tumboni. Chaki ilianzia karibu na manyoya, ikaenda mbele, nyeupe, imenyooka, halafu ikakoma. Ilikoma mapema. Akatoa utepe mfukoni, akapima kutoka kwenye pengo la mkia, linaloshika uzi, hadi pale weupe ulipoishia, ndipo ngozi ilipougusa mshale uzi ulipovutwa mwisho.

Inchi ishirini na tano na nusu.

Akarudia kupima, maana ndiyo desturi yake. Zilikuwa zilezile.  Alikuwa amezitaka zile inchi apate la kushika, na sasa ameshika, akaona kwamba ameshika mwaka mzima wa mumewe: ile hospitali, yale mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, kile kiti. Vyote viliishia pale chaki ilipokomea.

Angeweza kuifuta kwa kidole. Rangi ya kuficha namba ingenunuliwa jioni.

"Mzee," akasema. "Njoo ukae."

Winchi akaja akakaa. Bibi akauweka mshale juu ya magoti yake, na utepe kando yake, wala hakumsomea. Mzee akatazama chaki. Akatazama ngozi ya upinde, akaigusa, kidole kikatoka cheupe. Mtu aliyeishi kwa kukadiria uzito wa vitu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akapima mwenyewe.

 Kule ng'ambo ya ukuta lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga kengele yake.

"Hakukuwa na paka," akasema hatimaye.

"Hakukuwa."

"Umenipima mimi sijui."

"Nimekupima ukiwa unalenga. Dukani ulipimwa ukiwa unatazamwa."

"Nilivuta ishirini na nane!"

"Ulivuta. Nilikuona. Ungekaa hivyo dakika moja zaidi tungekuitia gari la wagonjwa."

Hakucheka. Alisimama, akaweka mshale chini kwa uangalifu, akatembea hadi kwenye shabaha na kusimama pale, mgongo kwa mkewe. Bibi akachukua sketi yake akaendelea kupinda pindo. Mishono mitatu minne ilitoka mibaya, akaifumua. Hakumfuata. Aliwahi kuona watu wakipimwa na kuambiwa ukweli wa miili yao, na alijua kwamba wakati ule mtu anataka kuachwa na kioo peke yake.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa na kitu kama kukwaruza.

"Kwa hiyo si mkono."

"Mkono uko salama. Jicho liko salama. Mishale yote imekwenda mahali pamoja, hukuona? Mtu mwenye mkono mbovu anatawanya. Wewe unapiga shimo moja, ila shimo si lile."

Winchi akaigeukia shabaha. Ni kweli. Yale matundu yalikuwa yamekusanyika kushoto, yamebanana kama watu kwenye kibaraza mvua ikinyesha.

"Mia sita ni mgumu kwangu," akasema polepole, kama anayeonja.

"Ni mgumu kwa inchi ulizonazo. Na mimi nikauzidishia ugumu kwa kuukata. Kosa hilo ni langu, usilichukue."

"Ulikata," Winchi akasema. "Wewe na mkasi wako." Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hizo, kona ya mdomo ikacheza. "Vaa viatu vyako vizuri. Mizani anafunga mapema leo."

*

Dukani palikuwa na watu. Msichana yule hodari alikuwapo pia, kama vile amelipwa. Bibi akataka kusema yeye, ili kumwondolea mzee aibu, akafungua mdomo, lakini Winchi akatangulia.

"Mwanangu," akamwambia Mizani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kutoka juu, "navuta inchi ishirini na tano na nusu. Upinde ule mikononi mwangu haufiki ratili arobaini. Niambie unafika ngapi."

Duka halikutikisika. Msichana aliendelea kuchagua uzi. Mizani akalitazama jedwali, akahesabu kwa midomo. "Thelathini na nne, na kitu. Kwa tumbo lile la upinde, mia saba, Mzee. Uache ndefu. Ukiona unakwenda kulia, unakata kidogokidogo mpaka ukae."

"Sikia hiyo," Winchi akamwambia mkewe. "Kidogokidogo."

"Nimesikia."

Walirudi uwanjani na fito mpya, ndefu, zikichomoza mbele ya upinde bila haya, na msumeno mdogo walioazimwa. Bibi alibandika manyoya palepale kwenye benchi, isipokuwa mmoja aliouacha mtupu. Wakasubiri gundi ishike. Winchi akapiga. Yenye manyoya ikaingia kwenye duara jekundu, kulia kidogo. Ule mtupu ukaenda kulia zaidi.

"Sasa ni laini," Bibi akasema, na moyo wake ukaruka, maana laini inatibika.

Akautoa mtupu, akaukata upana wa punje. Winchi akapiga, ukasogea. Bibi akakata tena. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima. Bibi hakujua alikuwa na subira kiasi hicho kwa kitu ambacho si nguo, na Winchi, aliyezoea kusema kata tu tumalize, alikuwa kila mara akishika mkono wake juu ya msumeno. "Taratibu. Usiniletee yale ya mwanzo." Kivuli cha ghala kilikuwa kimefika miguuni mwao pale mshale mtupu ulipoingia kando ya wenzake, umenyooka, mkia haujainama huku wala kule. Haukuwa katikati kabisa ya njano. Ulikuwa pembeni yake. Lakini ulikuwa pamoja na mingine, huwezi kuujua ila kwa kukosa manyoya.

Winchi akasimama mbele ya shabaha muda mrefu kabla ya kuung'oa.

"Thelathini na nne," akasema. "Si mbaya kwa mtu aliyepasuliwa."

"Si mbaya."

"Mwakani huenda ikawa thelathini."

"Tutapaka chaki tena, tuone," Bibi akasema. "Fito zipo."

*

Jumapili mkwe alikuja na binti yao na mabega yake. Alikuwa ameshaambiwa na mkewe habari za kupewa upinde, akaingia uwanjani akitembea kama aliyekwisha kuurithi. Winchi akamsalimia vizuri, akampa aushike, kisha akauchukua.

"Huu bado una mwenyewe," akasema. "Lakini seremala atakutengenezea wako. Kwanza tujue unavuta inchi ngapi, ndipo tuchague mishale. Simama hapo."

Akampa ule mshale mrefu wenye alama, waliouazima kwa Mizani. Mkwe akatazama upande wa mkewe, akatazama upande wa wapiga shabaha wengine waliokuwa wamekaa. Akatanua kifua. Akavuta, akavuta tena kidogo, shingo ikatoka mishipa.

"Thelathini na mbili, Baba!" akasema kwa meno yaliyobanana.

Winchi akamgeukia mkewe. Bibi alikuwa ameinamia sketi yake, mabega yanatikisika, machozi ya kicheko yanamdondokea kwenye pindo.

"Hongera, mwanangu," Winchi akasema kwa heshima zote. "Pumzika kidogo. Mama yako ana chaki yake hapo."